Seren Taun ya Ciptagelar kwa safari ya ghafla: kinachokwenda na kinachokwama

Ukiwa Jakarta, Bogor au Bandung na ukasikia kwamba Jumapili ijayo Ciptagelar wanaingiza mpunga ghalani, yaani sherehe yao ya mwaka iitwayo Seren Taun, funga begi uende. Huna haja ya kuweka nafasi popote, na hutalala njaa. Malazi na chakula nayapa alama zote. Usafiri wa kilomita za mwisho naupa mbili kati ya tano. Taarifa kwa mgeni nazipa moja, na hiyo moja ni ya kuona haya tu, maana ratiba ya maandishi sijaiona na sidhani kama kuna anayeihitaji isipokuwa sisi tuliotoka mbali.

Kwa asiyepajua: Kasepuhan Ciptagelar ni jamii ya Wasunda wakulima wa mpunga, kwenye miteremko ya kusini ya mlima Halimun, wilaya ya Sukabumi, Java Magharibi nchini Indonesia. Kijiji kikuu kipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kilihamia hapo kutoka Ciptarasa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wenyewe huhesabu tangu mwaka 1368, ndiyo maana Seren Taun ya 2018 ilikuwa ya 650. Kiongozi wao ni Abah Ugi, aliyekalia nafasi ya baba yake, Abah Anom, mwaka 2007. Mpunga wao hupandwa mara moja kwa mwaka, hauuzwi, na haukobolewi kwa mashine. Shika hayo matatu na mengine utakayoyaona yatajieleza yenyewe: kwa nini kuna maghala mengi namna ile, kwa nini mchi haunyamazi, na kwa nini hakuna duka lenye mchele.

Tarehe ndiyo kizingiti cha kwanza. Kupanda kwao hufuata nyota: Kilimia, ambacho wao hukiita Kerti, na nyota za ukanda wa Orioni, ambazo ni Kidang. Sherehe ya kufunga mwaka, hata hivyo, hungoja mpaka mavuno ya vitongoji vyote yakamilike, na vitongoji hivyo vimetawanyika katika wilaya tatu za Sukabumi, Bogor na Lebak. Wazee hukutana kwanza kwa Abah katika kikao cha ponggokan, na hapo ndipo siku hujulikana. Mara nyingi huangukia kati ya Julai na Septemba, na kilele huwa Jumapili. Kwa hiyo anayetaka kukata tiketi ya ndege miezi sita mapema anacheza kamari. Safari ya ghafla, ukiwa tayari uko Java, ndiyo njia yenye akili.

Kizingiti cha pili ni jina. Katika kata ya Sirnaresmi kuna jamii tatu za kimila zilizo jirani: Ciptagelar, Sinaresmi na Ciptamulya. Kila moja ina kiongozi wake, ghala lake kuu na Seren Taun yake kwa tarehe yake. Ukimwambia mtu wa pikipiki "nipeleke Seren Taun" au "nipeleke Sirnaresmi," anaweza kukushusha kwenye nyumba nzuri, kwa watu wakarimu, siku ambayo hakuna sherehe. Taja Ciptagelar, taja Imah Gede, nyumba kubwa ya Abah Ugi, kisha mwache mwenyewe akurudishie jina kabla hujapanda. Kuna wanaokwenda Sinaresmi kwa makusudi kwa kuwa kufikika kwake ni rahisi zaidi, na si uamuzi mbaya, ila si kitu kilekile.

Sasa njia. Kutoka Jakarta panda treni ya mjini hadi Bogor. Kutoka Jakarta Kota nauli ni rupia 6,000 na mwendo ni kama saa moja na nusu. Bogor unachukua basi au gari dogo la abiria hadi Pelabuhan Ratu, mji wa pwani. Kwenye ramani kipande hiki hakitishi, lakini barabara inapita kwenye viwanda vya Cicurug na Cibadak, na zamu za wafanyakazi zikitoka, magari hayasogei. Toka Bogor alfajiri. Lengo ni kufika Pelabuhan Ratu kabla ya adhuhuri, kwa sababu kuanzia hapo hakuna ratiba tena. Ni wewe, mwenye pikipiki na mlima. Toa pesa taslimu papo hapo mjini na ujaze maji. Mlimani hakuna benki, na noti kubwa zinasumbua, hivyo vunja laki zako ziwe za elfu 10 na elfu 20.

Kutoka Pelabuhan Ratu unafuata pwani kuelekea Cisolok, unaacha lami nzuri, unapanda. Kutoka katikati ya Sirnaresmi hadi kijiji cha Ciptagelar ni kama kilomita 14 tu, na ndizo zinazokula muda: mawe, kona kali zinazojikunja zenyewe, na miinuko ambayo abiria hushuka atembee ili pikipiki ipande. Jumla, toka mjini, hesabu saa mbili hadi tatu kukiwa kukavu. Kuna njia nyingine inayopitia Ciptarasa, ni mbovu zaidi, iache kwa wenye magari ya kuvuta magurudumu manne.

Chagua pikipiki ya gia. Ile isiyo na gia, ambayo vijana wengi wanayo, hupanda kwa taabu, lakini hatari yake ni kushuka: injini haishiki mwendo, dereva hubaki na breki peke yake, breki zinapata moto na kulegea, na kona inayofuata haikungoji. Gari dogo la chini litagonga tumbo kwenye mawe, na likipasuka chombo cha oili hapo, fundi yuko mjini. Begi lako la mgongoni mpe dereva aliweke mbele yake. Ukilivaa, kila muinuko utakuvuta nyuma. Lingine ni bei. Patana kwa safari nzima, kwa mtu na mzigo, kwenda mpaka mlangoni, na ulipe ukifika. Mmoja niliyemkodi alisimama katikati ya kupanda akitaka kuongezewa "kwa ajili ya barabara," kana kwamba barabara ilikuwa imewekwa hapo asubuhi hiyo. Mwenye nusu ya malipo mkononi ana haraka ya kubishana. Ambaye hajalipwa ana haraka ya kufika.

Fika Jumamosi mchana. Hili nalisisitiza kuliko yote. Wanaotoka Jakarta Jumamosi jioni wakidhani watapanda usiku hukuta foleni ya magari yamebanana kwenye njia isiyopishana, na asubuhi wanaingia kijijini wakati mlango wa ghala umeshafungwa.

Mapokezi hufanyika Imah Gede, nyumba kubwa ya Abah. Vua viatu, ingia, salimia, jitambulishe umetoka wapi, na kabla hujamaliza utaambiwa ukale. Si adabu ya mdomo. Jiko la nyumba hiyo halizimwi, na mgeni kula ni sehemu ya utaratibu wenyewe. Utakula wali wa mvuke uliopikwa kwa kuni, samaki mkavu, majani mabichi, tempe (soya iliyochachushwa) na sambal kali, pilipili ya kusaga. Wali ni mzito, una harufu ya moshi kidogo na chembe zake hazikung'arishwa, kwa hiyo hukaa tumboni. Chukua kidogo kwanza kisha uongeze, kwani kubakiza wali mahali ambapo mpunga unasindikizwa ghalani kwa ngoma kunasema mengi juu yako.

Hakuna bei ya kulala wala ya kula, na ukiuliza "shilingi ngapi" unawatia watu aibu. Unachofanya ni kuacha mchango ndani ya bahasha wakati wa kuaga, au kufika na kahawa, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, vitu ambavyo kweli vinaisha nyumba ikiwa na wageni mamia. Usipeleke mchele. Ukiona mtu anakuuzia kifurushi chenye mstari wa "malazi Imah Gede" na bei yake, jua umeuziwa kitu kisichouzwa. Mlipe usafiri na kazi ya mwongozo, basi.

Kulala ni chini, kwenye mikeka, watu wamepangana, au kwenye nyumba ya mwenyeji utakayopelekwa Imah Gede ikijaa. Nyumba ni za mbao na mianzi, na mapaa ni ya nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mitende au majani, vigae vya udongo ni mwiko. Usiku baridi ni ya kweli, leta koti na soksi, blanketi hazitoshi wikendi hiyo. Vyoo ni vya kuchuchumaa, maji ya kuoga ni ya mlimani na unajimwagia kwa kata. Jumapili asubuhi foleni ya choo ni ndefu kuliko ya chakula, kwa hiyo amka kabla ya mapambazuko. Umeme upo, wanauzalisha wenyewe kwa mitambo midogo ya maji, lakini soketi ni chache na simu ni nyingi. Betri ya akiba ni lazima. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Kinachoshangaza wengi ni kwamba kijiji kina kituo chake cha televisheni, CIGA TV, na mwenyeji anaweza kuwa anaitazama sherehe sebuleni wakati wewe unapigana vikumbo nje.

Mavazi: mwanamume atahitaji iket, kitambaa cha kichwani, na mwanamke samping, nguo ya kujifunga kiunoni hadi chini, hasa akitaka kuonana na Abah au kusogea karibu na ibada. Khanga au kikoi kizuri kinatosha kwa samping. Iket utafungiwa na yeyote ukiomba. Wanawake wana ruhusa ambayo wanaume hawana: chumba cha kuwekea mchele ndani ya nyumba ni chao peke yao, na hata wao huingia wakiwa wamejifunga samping. Mwanamume asichungulie hata kwa nia ya kupiga picha.

Jumamosi usiku kijiji hakilali. Kuna majukwaa kadhaa kwa wakati mmoja: wayang golek, vinyago vya mbao vinavyochezeshwa mpaka alfajiri, topeng na jipeng, maigizo ya jukwaani yenye muziki, dogdog lojor, ngoma ndefu nyembamba, na pembeni yake spika za dangdut, muziki wa dansi wa Indonesia, zinazoshindana na kila kitu. Wachuuzi hupanga nguo, midoli na vyakula kando ya njia zote. Wageni wengine hulalamika kwamba hii "imeharibu mila." Sikubaliani nao. Watu wamemaliza mwaka wa kazi, wana haki ya kupiga kelele, na wayang golek inayochezwa kwa watu wanaocheka utani wake ni bora kuliko ile ya ukumbini kwa watalii. Ila kama huwezi kulala penye kelele, omba nyumba ya pembezoni.

Jumapili ndiyo yenyewe. Sikiliza vinu, ndivyo vinavyokupa saa. Kwenye banda la lisung, yaani la kinu, wanawake waliovaa kebaya, blauzi zao za kimila, husimama pande mbili za kinu kirefu cha mbao kilichochongwa kama mtumbwi, na michi hugonga kwa zamu: mmoja huweka pigo la msingi, wengine hujaza nafasi, mwingine hugonga ukingo badala ya ndani ili kutoa sauti ya juu. Kabla ya kuwa muziki, hiyo ni kazi. Mpunga wa hapa huhifadhiwa ukiwa na masuke na mabua yake, umefungwa miganda. Kwenye mfereji mrefu wa kinu michi hupukutisha punje kutoka kwenye masuke. Kisha punje huhamishiwa kwenye shimo la duara mwishoni mwa kinu kutolewa maganda, na hapo michi ikipigwa kwa nguvu mno unapata chenga. Halafu ungo, kupeta, na kurudia mpaka mchele uridhishe. Ukikaribishwa kushika mchi, shika. Uachie ushuke kwa uzito wake, usiusukume, na usiingie mpaka umepata zamu yako masikioni. Mgeni anayeharakisha huwagonganisha michi wote.

Baada ya hapo hutoka miganda. Imekuwa ikikauka kwenye lantayan, vichanja vya mianzi vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, na sasa wanaume huibeba kwa rengkong. Ni mzega wa mwanzi mnene, miganda imening'inizwa kila upande kwa kamba. Kamba imekaa kwenye mkato uliochongwa juu ya mwanzi, na mbebaji anapotembea kwa kuyumba, mzigo hubembea, kamba husugua, na uwazi wa mwanzi huikuza sauti. Mmoja peke yake hulia kama mlango wa mbao usiotiwa mafuta. Safu nzima ikija pamoja, unaisikia kifuani kabla hujaiona kwenye kona. Mzigo ukiwa mwepesi haulii, na mbebaji akitembea wima haulii pia, ndiyo maana wanayumba vile, wala si mbwembwe.

Msafara huishia mbele ya Leuit Si Jimat, ghala la jamii. Kila nyumba huwa na maghala yake, na hutoa sehemu kwa hili la pamoja, ambalo mwenye upungufu hukopa. Ni jengo la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, paa lenye nyuzi nyeusi, na mlango mdogo juu kabisa, chini ya pembe ya paa. Ubani huwashwa, dua husomwa. Ni Waislamu, na utasikia Kiarabu unachokijua kikifuatana na maneno ya Kisunda kwa Nyi Pohaci, mungu wa kike wa mpunga kwa Wasunda. Abah na mkewe hupanda ngazi, na mpunga mama hupokelewa na kuingizwa ndani kwa mikono miwili. Kisha mlango hufungwa.

Tendo hilo ni fupi. Ukizubaa kwa wachuuzi, umelikosa. Na kosa la wengi ni kusimama mbele ya ghala wakidhani ndiko kwenye picha: pale utaona migongo ya wapiga picha. Panda kidogo kwenye mteremko ulioko upande wa ngazi, mapema, ukae hapo. Zima mwanga wa kamera wakati wa ubani, na droni usirushe bila ruhusa ya Imah Gede. Abah hutoa hotuba baadaye kwa Kisunda. Kama huna mkalimani, mwombe kijana aliye karibu akupe muhtasari kwa Kiindonesia.

Jambo ambalo matangazo ya safari hayasemi: Seren Taun haina kukata mpunga. Mashamba utakayoyapita ni makavu. Mavuno yalishapita miezi kadhaa nyuma. Aliyekuja kuona etem ikifanya kazi amechelewa, ingawa ukiomba nyumbani watakuonyesha. Ni kisu kidogo kisichozidi kiganja: wembe mfupi umepachikwa kwenye kipande cha mbao, na kijiti cha mwanzi kinapita katikati kwa kushikia. Kinafichwa ndani ya ngumi, wembe ukitokeza kati ya vidole. Vidole viwili huvuta bua kwenye wembe, suke moja linabaki mkononi. Suke moja moja, shamba zima. Sababu wanayoitoa ni heshima kwa Nyi Pohaci, na mkulima yeyote ataona nyingine: mpunga wao ni mrefu na wa mbegu nyingi za asili, hauivi kwa pamoja, na anayechuma suke kwa suke huacha lisiloiva na hachanganyi mbegu. Kama hilo ndilo unalolitaka, ulizia mipit, ufunguzi wa mavuno, uje wakati huo. Umati haupo, barabara huwa na matope, na chakula ni kilekile.

Kwa mwenye siku zisizobadilika, Ciptagelar si chaguo. Aende Cigugur, wilaya ya Kuningan, ambako Seren Taun hufanyika tarehe 22 ya mwezi wa Rayagung, unaolingana na Mfungo Tatu, hivyo unaweza kuihesabu mwaka mzima kabla. Kule ni mjini, kwa lami, kwa treni hadi Cirebon kisha gari. Hutwangwa mpunga kwenye jengo la Paseban Tri Panca Tunggal: kati ya kilo 2,200, kilo 2,000 zinakwenda kinuni na 200 zinabaki mbegu, na wageni hualikwa kutwanga. Imepangika zaidi, ina viti. Binafsi naona imekaa kijukwaa kidogo, lakini kwa anayesafiri na wazazi wazee au watoto wadogo ningeichagua bila kusita.

Kurudi: usishuke Jumapili mchana. Watu wote wanashuka saa ileile, pikipiki zinapanda bei, vumbi halikuachi uone, na ukifika Pelabuhan Ratu jioni mabasi ya Bogor yamejaa au yameondoka. Lala usiku mmoja zaidi. Imah Gede inakuwa na nafasi, wenyeji wana muda wa kuzungumza, na yule aliyekupandisha unaweza kumpigia kwa simu ya mwenyeji aje Jumatatu saa moja asubuhi. Bei ya kushuka mpatanie palepale anapokushusha wakati wa kwenda, kabla hajajua wangapi watahitaji usafiri.